Matope Yalitangulia Mashindano

Wapenzi wa mbio za magari na pikipiki wana imani moja ya siku nyingi, kwamba mashindano ndiyo shule ya vyombo vya moto. Kiwanda hupeleka gari mashindanoni, hutazama linapovunjikia, hurekebisha, na baada ya miaka kadhaa marekebisho yale humfikia mnunuzi wa kawaida. Kwa Ulaya na Japani imani hiyo ina ushahidi wa kutosha. Kwa upande wetu wa Ziwa Viktoria naona mambo yalikwenda kinyume chake. Maarifa ya kuandaa gari au pikipiki kwa safari ngumu yalikomaa kwenye barabara za kazi, mikononi mwa mafundi, mautingo na waendesha bodaboda, na mashindano yalipokuja yakayakuta. Kagera ni mahali pazuri pa kulipima dai hili, kwa sababu mkoa huu hautajwi sana watu wanapozungumzia mchezo wa magari. Una Kagondo mbili, moja kata ya Manispaa ya Bukoba na nyingine ya Muleba yenye hospitali ya Kanisa Katoliki, na hakuna anayezihesabu miongoni mwa viwanja vya mbio. Hata hivyo kijana wa huko anayeifungua na kuifunga pikipiki yake mwezi Machi, mvua zikianza kushika, anafanya karibu kila kitu anachofanya mwanachama wa klabu ya mbio kabla ya wikiendi ya kwanza ya msimu.

Tuanze na nchi yenyewe. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachofikiwa na maeneo machache ya Tanzania, na mvua nyingi zaidi hunyesha kati ya Machi na Mei. Reli haijawahi kufika. Tangu Emin Pasha alipofungua kituo cha Wajerumani mwaka 1890, mji uliishi kwa kulitegemea ziwa: kahawa ilipakiwa melini, ikavushwa hadi Kisumu, ikachukuliwa na reli hadi Mombasa. Lakini meli haifiki shambani. Kati ya kibanja cha mkulima na gati kulikuwa na vilima, mabonde ya maji na udongo ambao ukilowa haumshiki mtu wala gurudumu. Gunia lilibebwa kichwani, baadaye kwa baiskeli, baadaye kwa lori. Chama kikuu cha ushirika cha BNCU kilipoundwa mwaka 1950, kahawa ya kukusanya ilikuwa imetawanyika katika vyama vya msingi vya vijiji vingi, na kalenda haikuwa na huruma. Mavuno huanza mwezi Mei au Juni, wakati barabara bado hazijakauka. Mwanzo wa msimu wa biashara ukawa unakutana na barabara zikiwa mbovu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kuliandaa gari kabla ya kazi, badala ya kungoja liharibike ndipo litengenezwe. Lori likifa Agosti kwenye njia kavu, hasara yake ilihesabika. Likizama Mei na magunia juu, aliumia mwenye gari, kikaumia chama, akaumia na mkulima aliyekuwa akisubiri malipo ya ada ya shule. Kwa hiyo springi za nyuma ziliongezewa bamba, breki zikasafishwa matope makavu ya mwaka uliopita, mipira ya maji ikabadilishwa ingali mizima, na nyuma ya kiti ikawekwa minyororo ya matairi, mbao mbili nene, jembe na kamba. Orodha ya vitu hivi ilikaa kichwani mwa utingo. Utingo alianza kazi kwa kuweka gogo nyuma ya tairi lori liliposimama mlimani, akapanda hadi kushika spana, na mara nyingi aliishia kulijua lori kuliko mwenye nalo. Historia yetu ya usafirishaji imewaandika wenye mabasi na vyama vya ushirika. Yeye imempita, na naona tumepoteza sana kwa hilo.

Sasa tazama mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, Safari, yalivyoanza. Safari ya kwanza ilifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Simulizi inayokubalika ni kwamba Eric Cecil alimtaka binamu yake, Neil Vincent, aingie mbio za kuzunguka uwanja, naye Vincent akajibu kwamba kuzunguka njia ileile hakumvutii hata kidogo, ila akiandaliwa mbio za kuvuka nusu ya Afrika na kurudi atashiriki. Simulizi hiyo hupendwa kwa sababu ya ujasiri wake. Kwangu kanuni za mashindano yale zinaeleza mengi zaidi. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, na madaraja yakapangwa kwa bei ya gari. Huko kwingine mbio hupangwa kwa ukubwa wa injini, kwa kuwa swali ni nani ana kasi zaidi. Hapa swali lilikuwa la mfanyabiashara na mkulima: kwa fedha hii, gari lipi litanipeleka na kunirudisha? Miaka iliyofuata mashindano yakazoea kufanyika wakati wa Pasaka, katikati ya mvua za masika, na yakakaa hapo kwa miongo mingi. Waandaaji wangeweza kuyakwepa matope. Waliyachagua, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kipimo cha gari ambacho kila mkazi wa nchi hizi alikielewa.

Matokeo yakawa kama mtu yeyote wa Muleba angetarajia. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilelile, Peugeot 404, aina iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo katika Afrika Mashariki yote. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 vilevile. Katika kipindi hicho magari yenye mbio kuliko hilo hayakukosekana. Kilichokosekana ni magari yaliyoandaliwa na watu wanaojua kwamba daraja la magogo huvunja fremu kwa namna moja, shimo la maji huua injini kwa namna nyingine, na utelezi wa kilimani huhitaji uzito juu ya magurudumu ya nyuma kuliko unavyohitaji nguvu ya injini. Ukitaka kuona undugu wa mashindano na barabara ya kazi kwa macho, tazama picha za magari ya Safari ya miaka ya 1960. Nyuma ya buti yamefungwa vishikio, na kwenye bampa vikanyagio, ili msaidizi wa dereva ashuke, apande nyuma na kuyakandamiza magurudumu yashike ardhi. Nafasi hiyo ni ya utingo hasa.

Joginder Singh ndiye shahidi wangu mkubwa. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye gereji ya baba yake, na mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha magari cha Afrika Mashariki kuwa fundi wa doria, kazi ya kuzunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Mtu wa kazi hiyo huona kila siku ni nati gani hulegea kwanza, bomba gani hupasuka, waya gani husagika dhidi ya bodi hadi ukakatika. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, iliyokuwa ya timu ya kiwanda. Mwaka 1974 akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6, Porsche ya Björn Waldegård ikashika nafasi ya pili, na mwaka 1976 akarudia. Magazeti yalimpa majina ya simba na ya ndege. Mimi ningemwita fundi, na ningeona nimempa heshima kubwa zaidi, maana katika kuendesha kwa kasi alikuwa na wenzake wengi, lakini katika kulijua gari kabla halijaondoka aliwazidi karibu wote.

Kagera ilipitia shule ngumu kuliko hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ikachukua malori na mabasi ya raia kwa ajili ya vita, na vyombo hivyo vikaingia kwenye matope ya mvua za mwisho wa mwaka. Baada ya vita fedha za kigeni zikakauka, na spea zikawa bidhaa adimu kuliko sukari. Mashindano ya Safari yalikwisha kubaki Kenya tangu katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba fundi wa Bukoba wa mwaka 1981 alikuwa akifundishwa na mbio. Alifundishwa na uhaba. Alikata gasketi kwa karatasi ngumu, akachonga bushi, akahamisha kipuri cha gari moja kwenda jingine lisilo la ukoo wake, na juu ya yote akajifunza kusikiliza: beringi inayoanza kulia leo itakatika wiki ijayo, na kuibadilisha kabla ni rahisi kuliko kuitafuta ukiwa porini. Fundi wa klabu ya mbio anayebadilisha beringi ya gurudumu kabla ya wikiendi, ingawa bado inazunguka vizuri, anafuata fikra hiyohiyo. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana boksi la beringi mpya mezani.

Kwa upande wa pikipiki ushahidi ni wazi zaidi, na unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Honda ilijijengea jina kwenye mbio. Iliingia mashindano ya Isle of Man mwaka 1959, na injini zake ndogo zinazozunguka kwa kasi kubwa zilitokana na shule hiyo. Lakini pikipiki zake za sentimita za ujazo 125 zilizotokana na fikra hiyo zilipouzwa katika nchi kama Thailand, Iran na Pakistani, zilichoka mapema. Wanunuzi walizipakia mizigo mizito, oili haikubadilishwa kwa wakati, cheni ziliachwa zikalegea na kujaa vumbi. Honda ikatuma watu wakaangalie, kisha ikarudi nyuma kwa makusudi. Mwaka 1976 ikatoa CG125, yenye injini ya mtindo wa zamani ambayo vali zake husukumwa na fito, rahisi kufungua, yenye kuvumilia oili chafu, na cheni yake imefunikwa. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa mamilioni. Pikipiki zilizomiminika Tanzania katika miaka ya 2000 na kuifanya bodaboda kuwa kazi ya maelfu ya vijana nyingi zilikuwa za ukoo huo. Kwa maneno mengine, chombo kilichobadili maisha ya vijiji vya Kagera kilipatikana pale kiwanda kilipoyaacha mafunzo ya mbio na kusikiliza mafunzo ya barabara.

Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli, Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, ikaenea Uganda, ikachukua injini katika miaka ya 1990, na upande wa Tanzania ikapata kanuni zake za leseni mwaka 2010. Tazama kwa karibu pikipiki ya kazi inavyoandaliwa kwa masika. Madigadi ya mbele huinuliwa au hung'olewa kabisa, kwa sababu udongo mzito hujaa kati yake na tairi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Pikipiki za motokrosi hutoka kiwandani na madigadi yaliyoinuliwa juu kwa sababu hiyohiyo. Sproketi ya nyuma hubadilishwa kwa yenye meno mengi zaidi. Kasi ya mwisho hupungua, lakini mlima hupandika na mikungu ya ndizi nyuma bila kuchoma klachi. Mpanda motokrosi naye huhesabu meno ya sproketi kabla ya kila uwanja. Cheni hulegezwa kidogo kuliko inavyoonekana kuhitaji, maana shokapu zikibonyea kwa mzigo nayo hukaza, na iliyokazwa sana kwenye stendi hukatika kwenye shimo la kwanza. Filta ya hewa huoshwa, nyaya za klachi na breki hutiwa oili, spoki hugongwa moja moja kwa spana ndogo na kusikilizwa: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Hakuna hata jambo moja hapa ambalo kitabu cha mwongozo cha klabu ya mbio kingelifuta.

Pingamizi la kwanza ni zito. Timu za viwanda zilizokuja Safari katika miaka ya 1970 zilileta ndege za kuangalia njia, magari ya huduma yaliyojaa vipuri, na wahandisi. Hannu Mikkola aliposhinda kwa Ford Escort mwaka 1972, akiwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo, ilionekana kwamba enzi ya fundi wa gereji imekwisha. Ni kweli kwamba fedha ilibadili mchezo. Lakini angalia fedha hiyo ilinunua nini. Ilinunua bamba la chuma chini ya injini, mabomba ya kuinua mlango wa hewa juu ya maji, springi ngumu, na magari ya huduma yaliyosimama kila baada ya kipande cha njia ili vipuri vibadilishwe kabla havijavunjika. Kila kimoja ni jibu la swali ambalo lori la kahawa lilikwisha kuuliza. Na mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, yakafanywa tena wakati wa Pasaka mwaka 2024 na Machi mwaka 2025, timu zenye kompyuta na maabara zilirudi kufunga mabomba yaleyale ya kuinua hewa, kwa sababu mto uliojaa hauna habari na kompyuta.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Mtu atasema: bodaboda unazozisifu ndizo zinazojaza wodi za mifupa. Breki zimeisha, taa hazifanyi kazi, abiria watatu juu, kofia ngumu imening'inizwa kwenye kioo. Maandalizi yako wapi hapo? Sina nia ya kulipunguza jambo hili. Hospitali yoyote iliyo kando ya barabara kuu nchini inalijua. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kijana mwenye mkataba wa kupeleka hesabu kila jioni kwa tajiri mwenye pikipiki anajua vizuri kwamba brekisho zimeisha. Asichonacho ni siku ya kusimama wala fedha ya kununua mpya. Ujuzi anao, na haki ya kuutumia hana. Mwanachama wa klabu ya mbio hana ujuzi zaidi yake. Ana wiki mbili kabla ya mashindano, ana mkaguzi atakayeizuia pikipiki yenye nati iliyolegea isiingie uwanjani, na ana sababu ya kumheshimu mkaguzi huyo, kwa kuwa ukaguzi ni sehemu ya mchezo aliouchagua. Hapa nakubali kwamba mashindano yana kitu cha kuifundisha barabara, nacho ni ukaguzi wa kabla, usioepukika, unaofanywa na mtu asiye na hisa katika mapato ya siku hiyo. Kukubali hilo hakuvunji dai langu. Kunaonyesha mahali ambapo deni linageuka.

Wapo pia watakaosema kwamba mchezo huu tangu mwanzo ulikuwa wa walowezi na matajiri, na kwamba kuutafutia mizizi Kagera ni kujipendekeza kwenye karamu ambayo hatukualikwa. Waendeshaji wengi wa Safari za mwanzo walikuwa Wazungu na Waasia, hilo halibishaniwi. Lakini karamu hiyo ilipikwa na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye vikombe, na waliolivuta gari lililozama kwa kamba ni wanavijiji waliokwisha kuvuta malori mengi kabla yake. Kujiona wageni katika historia hiyo ni kumwachia aliyeshika usukani peke yake kazi iliyofanywa na wengi.

Kwa kijana wa Kagondo anayetaka mbio leo, jiografia ina upande wake mzuri. Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,300, lakini Mutukula iko takriban kilometa 80 kutoka Bukoba, na ng'ambo ya mpaka kuna Masaka, kuna Mbarara ambako msimu wa ralli wa Uganda umekuwa ukifunguliwa mara kwa mara, na mbele ya Masaka kuna viwanja vya motokrosi vya Garuga na Busiika. Hapo ndipo gari la kubebea linapokuwa nusu ya mashindano. Hiace iliyozoea abiria hutolewa viti, sakafu hufunikwa kwa ubao, pikipiki huingizwa gurudumu la mbele likisukumwa hadi kwenye kizuizi cha mbao, kisha hufungwa kwa mikanda kutoka kwenye usukani hadi shokapu zibonyee kiasi cha nusu; zikibonyezwa zaidi, mtikisiko wa njia huzisumbua sili za mafuta, na mpandaji hugundua uwanjani kwamba oili imemwagikia breki. Gari lenyewe hukaguliwa feni belti, redieta, tairi la akiba na jeki, kwa maana pikipiki bora iliyokwama njiani haina nafasi katika orodha ya matokeo. Ukimweleza haya dereva wa Hiace wa stendi ya Bukoba atashangaa kwa nini unamfundisha kazi yake. Kwa hiyo upande wa mafundi na madereva Kagondo haina pengo. Klabu ikianza, gharama yake ya kwanza itakuwa ada ya uanachama ng'ambo ya mpaka, kibali cha gari pale Mutukula, na siku mbili za kazi ambazo mwenye pikipiki atakubali zipite bila hesabu.